Nukta Tisa na Wembe Wangu

Siku niliyoagwa kazini walinipa saa ya ukutani. Miaka yote nilifika kazini mapema bila saa, na sasa ambapo sina pa kuwahi ndipo napewa. Nilikula keki. Vijana wa chumba cha ramani wakaniambia, "Mzee Opio, usiondoke na mambo yote kichwani. Tuandikie." Nikawajibu kwamba kichwa changu ni kama ile droo ya kumi na nne, ukiivuta inatoka na vumbi na mjusi. Wakasema hata mjusi wanamtaka. Basi huyu hapa mjusi.

Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na viwili kati yake vilinijia kwa sababu wenzangu waliokuwa mbele ya foleni waliugua. Nitasema habari za wembe, za mzee aliyenifundisha kuushika, na za bibi mmoja kutoka Bombo ambaye nusura mjukuu wake akose safari yake kwa ajili ya mkono wangu huu, mkono ambao mimi nilikuwa nikiusifu mbele ya watu.

Nilizaliwa Nsambya, hapa mjini, kwenye nyumba za polisi. Baba yangu alikuwa askari kutoka upande wa Lango, kaskazini. Kila mlango wa mstari wetu ulikuwa na lugha yake, hivyo ukitaka kugombana vizuri bombani ulihitaji Kiswahili. Chetu kilikuwa Kiswahili cha amri: njoo, simama, toa, weka. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikagundua kwamba lugha hii huweza pia kuomba na kushukuru. Hiki ninachoandikia nilikipata shule ya jioni, kwa mwalimu mmoja Mkenya ambaye akisoma insha yangu alitokwa machozi kama anayekata vitunguu vya harusi. Nilisoma jioni miaka mingi kiasi kwamba benchi lile lilichukua umbo langu, na aliyelirithi alilalamika.

Katika ofisi ya ramani niliingia kama mfagiaji. Siku ya kwanza nilipewa ufagio, ndoo na onyo: usiguse kitu cheupe. Chumba kizima kilikuwa cheupe. Kabla ya saa nne nikapiga chafya juu ya karatasi iliyokuwa ikikauka, na wilaya moja ya mashariki ikapata ziwa jipya. Nikadhani nimefukuzwa. Mkuu wa wachoraji akaja, akaliangalia ziwa langu kwa lenzi, akaniangalia mimi.

"Jina yako nani?"

"Opio, afande."

"Afande ni huko kwenu balakisi. Hapa mimi Ssalongo." Balakisi ni kambi ya askari, na Ssalongo ni jina ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. "Na wewe ukiwa Opio, wewe pia pacha. Mwenzako wapi?"

"Ocen yuko Nsambya, mzee."

"Basi kesho kuja na macho ya nyinyi wawili." Akachukua wembe, akalikausha ziwa lile mbele yangu mpaka karatasi ikawa kama haijawahi kujua maji. Nikajua nimeona kazi ninayoitaka.

Ssalongo alikuwa mtu wa Mengo, mwembamba kama rula, na ramani aliita "lamani" mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuna aliyemcheka, kwa sababu mstari alioupiga yeye kwa mkono mtupu ungeweza kuanikia nguo. Aliniruhusu kutoka saa kumi na moja kamili niwahi shule ya jioni, na asubuhi alinihoji nilichojifunza kama anayehoji mwizi. Nilipopata cheti cha uchoraji alinipa kiti karibu na meza ya kioo, ile yenye taa chini yake. Siku hizi mmeiwekea birika la chai. Sisi tulinawa mikono kabla ya kuikaribia.

Niwaambie vitu vilivyokuwa juu ya ile meza, maana mnavipita stoo bila kuvijua. Kulikuwa na kalamu za nibu za unene saba, na ile ya saba ilikuwa nyembamba hata ikichora mpaka wa nchi ulitakiwa ushikilie pumzi. Kulikuwa na wino mweusi ambao ukidondoka kwenye suruali ulizikwa nao. Kulikuwa na lenzi, na mfuko wa unga wa chokaa wa kukausha jasho la kiganja. Na kulikuwa na wembe. Ramani zetu za asili zilichorwa kwenye karatasi nzito iliyogandishwa juu ya kitambaa, na kosa halikufutwa kwa raba. Lilikwanguliwa. Unalaza wembe karibu sawa na karatasi, unavuta kuelekea kwako, kisha unalainisha kidonda kwa ukucha ili wino mpya usitambae.

"Opio," Ssalongo alikuwa akiniambia, "panga inafanya kazi na nguvu. Wembe inafanya kazi na huruma."

Na kila ulipokwangua, uliandika. Tulikuwa na daftari nene lenye jalada jekundu tuliloliita kitabu cha wembe. Ulitakiwa kuandika namba ya ramani, ulichoondoa, mahali ulipokiondoa, kisha jina lako. Hata ukiondoa alama ya kikombe cha chai uliandika chai. Mimi niliona ni upuuzi wa wazee. Ssalongo alisema karatasi husahau, kitabu hakisahau. Nilipomuuliza nani atakisoma, akasema, "Yule ambaye umemkwangua." Nilicheka sana siku hiyo. Nilikuwa na meno yote.

Sasa tufike kwenye droo ya kumi na nne. Humo inalala ramani ya makabila, ya zamani za utawala wa Waingereza, kubwa kama shuka la kitanda cha watu watano. Kila kabila lina rangi yake. Ukiitazama kwa mbali utadhani blanketi la viraka, na kila kiraka kimeshonwa vizuri, hakuna mtu aliyevuka mshono kwenda kuoa ng'ambo. Siku ya kwanza niliyoiona nilitafuta rangi ya watu wetu, nikaikuta: njano ya yai, pana, inapendeza. Nikajisikia mrefu. Halafu nikatafuta Nsambya, mahali ambapo nilizaliwa na nilipokuwa nikilala, nikakuta iko ndani ya rangi nyingine kabisa. Rangi yangu ipo, mimi simo. Nikamuuliza Ssalongo ramani hii inaonyesha nini hasa, ikiwa hata mimi imenikosa.

"Inaonyesha mzungu alipita wapi," alisema, "na nani alimjibu."

Haikupita muda tukaambiwa inatakiwa nakala safi ya ramani hiyo, ya kupigwa chapa na kupelekwa mashuleni na maofisini. Ssalongo akapata msiba Masaka, akaondoka siku tatu. Kazi ya kuisafisha ile ya asili kabla ya kunakiliwa akaniachia mimi. Nilivimba kichwa hata kofia ikakataa.

Nikaiweka mezani, nikaipitia na lenzi. Mchwa walikuwa wameila kona ya chini, kona ile ile yenye ufunguo wa ramani, pale panapoelezwa rangi hii nini na alama hii nini. Nusu ya ufunguo ilikuwa tumboni mwa mchwa. Na juu ya ramani nikaona nukta ndogo za rangi ya kahawia, kama nzi walifanya mkutano na kuacha walichoacha. Nikazihesabu: tisa. Ssalongo alinifundisha jinsi ya kuujua uchafu wa nzi: lowesha kidole kwa mate, gusa. Wino hautoki, nzi anatoka. Nikaigusa nukta ya kwanza, ile iliyokuwa katikati ya Ziwa Kyoga. Ikatoka yote kwenye kidole, mate yakaacha karatasi imevimba kidogo. Nikajua ni nzi. Zile nane nyingine sikuzigusa. Zilikuwa rangi ile ile, ukubwa ule ule, na mimi nilikuwa na haraka na kofia iliyonibana. Nikachukua wembe. Nikakwangua vizuri, mpaka leo nasema nilikwangua vizuri. Nikafungua kitabu nikaandika: "Nimeondoa mavi ya nzi, tisa. Opio."

Ssalongo aliporudi alikisoma kitabu kabla hajanywa maji. "Opio, nzi gani hao? Na mahali hujaandika. Mimi nakumbuka hizo nukta: Gulu, Masindi, Hoima. Walikuwa nakwenda kwa mstari kama askali?"

"Labda ni nzi wa balakisi, mzee," nikasema. Chumba kizima kikacheka.

Yeye alicheka nusu. "Umesoma ufunguo?"

"Umeliwa na mchwa."

"Basi tafuta nakala ya zamani ulinganishe."

Nikasema nitatafuta. Sikutafuta. Chapa ikatoka, ikapendeza, ikaenda nchi nzima, na nilipoiona ukutani kwenye ofisi yoyote niligusa kona yake kama mtu anayemgusa mwanawe kichwani.

Miaka ikaenda. Nilidhani ramani ile itasahaulika, kumbe kadiri ilivyozeeka ndivyo watu walivyozidi kuitaka. Walikuja wazee wa milima miwili wakigombania bonde, kila upande una wakili, kila wakili ana lenzi. Waliivuta ramani hata nikahofia itachanika, kila mtu abaki na kabila lake mkononi. Mzee mmoja aliniambia mstari ule ni damu ya babu yake. Nikamwonyesha kwa upole kwamba mstari ulipinda pale kwa sababu aliyeuchora aliukwepa mkunjo wa karatasi. Akaniuliza mimi ni wa kabila gani. Nikamwambia. Akasema, "Ndiyo maana," akanipa mgongo. Siku ya pili alirudi na muwa mzima, akasema ni wangu kwa usumbufu, lakini mstari ni wa babu yake vile vile.

Nilijifunza hivi: mtu haji kuangalia ramani ya makabila ili ajue. Anakuja akijua tayari, anataka karatasi iseme ndiyo.

Ssalongo alistaafu, kisha akapumzika, nasi tukamzika huko kwao. Zikaja kompyuta, mkaja ninyi. Kitabu cha wembe nikakiweka droo ya kumi na nne chini ya ramani, kwa heshima tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wembe tena. Ikabaki mwaka na kitu nistaafu.

Ndipo asubuhi moja wakaingia wanawake wawili. Mmoja alikuwa bibi wa Kinubi, amejifunga leso yake ya rangi, amebeba begani mfuko ambao ndani yake umechungulia mfuniko wa ukindu wanaoufuma wao, wa waridi na zambarau na kijani, unaong'aa hata macho yanaomba ruhusa. Mwingine alikuwa msichana katika sare ya wauguzi, ametoka zamu hospitali ya Mulago, macho mekundu. Bibi akasema anaitwa Zainabu, watu wote wa Bombo wanamwita Haboba, ndio kusema bibi kwa Kinubi, nami nisijisumbue na jingine. Msichana ni mjukuu wake, Hawa.

Hawa alikuwa amepata nafasi ya kwenda nje kusomea utunzaji wa watoto njiti. Nafasi ilikuwa moja, na baada ya wiki mbili ingepewa mwingine kama hatakuwa na pasipoti. Katika ofisi moja, ambayo siitaji kwa sababu bado natamani kusafiri, karani alimuuliza kabila. Akasema Mnubi. Karani akageuka kwenye ramani iliyokuwa ukutani nyuma yake, akamwambia, "Dada, nionyeshe."

"Nikamwambia sheria inatutaja," Hawa alisema. "Wanubi wamo kwenye orodha ya katiba. Akasema orodha iko kabatini, ramani hii hapa. Akasema nilete ushahidi kwamba tulikuwepo."

Mnaona jambo hilo. Wazee wa huyu binti walikuja na majeshi ya Waingereza kutoka Sudani, wakazaa, wakazika, wakafuma mifuniko, wakauza mitumba na kuendesha magari, vizazi vyote hivyo. Lakini blanketi halikuwa na kiraka chao. Na ramani ya ukutani ina nguvu kuliko kitabu cha kabatini, kwa sababu karani hahitaji kuinuka.

Haboba akasema, "Mwanangu, sisi tumo kwenye ramani. Babu yangu alikuwa askari wa kumbebea mpima ardhi mnyororo wa kupimia. Aliona ikichorwa. Alituambia sisi hatukupewa rangi kwa sababu tulikuwa tunakaa kambi kambi. Tulipewa nukta. Nyekundu, ndogo, kama damu ya mbu ukimpiga ukutani. Nakuomba uniangalizie."

Nyekundu. Na wino mwekundu wa zamani, kama mwalimu yeyote wa uchoraji atakavyowaambia, ukizeeka huwa kahawia.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakiweka mezani polepole. Ningeweza kusema, Haboba, sioni kitu, pole sana, na isingekuwa uongo. Hawa alikuwa amesimama ananitazama. Nikasema, "Kaeni."

Nikavuta droo ya kumi na nne. Nikaitandaza ramani, nikatoa kitabu chekundu, nikatafuta ukurasa, nikausoma kwa sauti ndogo.

"Soma vizuri," Haboba alisema. "Sikio langu moja limestaafu."

Nikasoma tena. "Nimeondoa mavi ya nzi, tisa. Opio." Nikaongeza, "Opio ni mimi."

Juu ya bati makalooli, wale ndege wakubwa wa jalala, walikuwa wakitembea kama watu wenye viatu. Hawa alifunika uso. Haboba akaniangalia kwa muda mrefu, mimi nikaangalia ukucha wangu, ule wa kulainishia vidonda vya karatasi.

"Nzi," akasema.

"Nisamehe, Haboba."

"Hawa, umesikia? Nimeitwa mgeni. Nimeitwa mabaki ya jeshi. Nimeambiwa nirudi kwetu nami nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Lakini nzi, hii ni mpya." Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Afadhali nzi. Nzi haulizwi kwao ni wapi."

Kicheko hicho kikamleta mkuu wetu, Madamu Birungi, ambaye mnamjua: mwanamke mwenye umri wa binti yangu na subira ya daktari wa meno. Nikamweleza yote. Akasoma kitabu, akakifunga.

"Mzee Opio, hii haiwasaidii. Inawaumiza. Ukiipeleka hivi, kuna maandishi ya serikali yaliyotiwa saini kwamba zile nukta zilikuwa uchafu. Tunahitaji kujua zilikuwa nini, na ufunguo umeliwa."

Ndipo nikakumbuka kwamba wembe unaondoa wino, haumalizi kidonda. Nikazima taa ya meza, nikachukua tochi, nikailaza ubavuni mwa karatasi ili mwanga upite chini chini kama jua la saa kumi na mbili. Makovu yakainuka. Tisa, madogo, hakuna jicho lingeyaona ukiwasha taa ya juu. Nikaweka karatasi ya plastiki juu yake, nikatia alama ya penseli juu ya kila kovu. Madamu akaisaini palepale, kabla ya neno jingine kusemwa.

Kisha akamwambia Haboba ahamie dirishani, aipe mgongo meza yenye ramani.

"Unanificha ramani yangu?"

"Haboba, ni kwa faida yako. Babu yako alikutajia zile nukta zilikuwa wapi?"

"Alitutajia? Alituimbisha. Tulikuwa tunatwanga nazo. Ukikosea moja unaanza tena, na mtama unakungoja." Akashika mfuniko wake wa ukindu mapajani, akaanza kuuzungusha kidole kwa kidole kwenye duara zake, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, mdogo. "Jinja, mto unapotoka ziwani."

Nikasogeza tochi. Kovu. Madamu akazungushia.

"Entebe."

Kovu.

"Bombo, nyumbani. Hoima. Kutoka Hoima hadi Masindi mnyororo ulimla bega. Masindi."

Makovu matatu, moja moja, kama watu wanaoitikia majina. Hawa alikuwa ameinuka, amekuja nyuma yangu, nasikia pumzi yake kwenye kola.

"Gulu. Kitgum. Halafu unavuka mto, Arua." Akasimamisha kidole. "Nane. Mtwango umekwisha."

Madamu akaniangalia. Kwenye plastiki kulikuwa na duara nane, na kovu moja limebaki bila duara. "Na ya tisa, Haboba?"

"Hakuna ya tisa."

"Fikiri vizuri. Iko moja imebaki."

"Binti, nimetwanga mtama miaka sitini kwa nane. Leo kwa ajili yako nitwange kwa tisa?"

Nikainama na lenzi. Kovu la tisa lilikuwa katikati ya Ziwa Kyoga. Lilikuwa laini kuliko mengine, limepanguswa tu, halikukwanguliwa kwa nguvu. Nikaikumbuka. Ile niliyoipima kwa mate. "Madamu," nikasema, "hii ilikuwa nzi kweli."

Yaani katika kazi yote ile niliyojisifu kwayo, nilikuwa sahihi mara moja, na kwa mara hiyo moja nikawahukumu wengine wote. Vijana, jambo la kiufundi ninalotaka mlichukue ni hilo. Pima kila nukta. Kufanana kwake na jirani yake si ushahidi.

Madamu akakaa kuandika barua. Alikuwa na huruma nami. Akasema tunaweza kuandika kwamba alama zilipotea kwa uchakavu wa karatasi, maana nimebakiza mwaka mmoja, na faili langu litafunguliwa na watu wasionijua.

"Karatasi haikuchakaa," nikasema. "Ilichakazwa. Tukisema uchakavu, karani atasema labda na nukta zenyewe ni uchakavu. Aandikiwe kitabu kilivyosema, makovu yanavyosema, na Haboba alivyosema akiwa amegeukia dirishani. Nzi wa Kyoga naye atajwe. Bila huyo nzi hatuaminiki."

Akaandika. Mimi nikasaini chini ya saini yake, jina lile lile lililo kitabuni, ila mkono umezeeka.

Haboba akaniuliza kitu wakati nakunja barua, bila hasira, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. "Na kama babu yangu angekuwa mpishi wa yule mzungu, si mbeba mnyororo? Asione inachorwa? Mimi ningekuwa nani leo?"

Nikamwambia angekuwa Haboba wa Bombo. Akasema hilo alilijua kabla hajapanda gari kuja kwangu.

Kesho yake niliongozana nao mpaka kwa yule karani. Nilitarajia jitu lenye pembe, nikamkuta kijana mpole mwenye mafua. Aliisoma barua mara tatu. Akamwita mwenzake asome. Akasema, "Mzee, nimepiga mihuri mingi hapa, wa nzi ndio wa kwanza," akapiga. Halafu, kwa sababu alikuwa mtu mzuri, akanishika mkono. "Sasa kesho akija mwingine asiye na nukta wala bibi anayekumbuka, nifanye nini?"

"Inuka," nikamwambia. "Fungua kabati, soma sheria. Hiyo ya ukutani ni picha ya siku moja, na waliochukua picha walikuwa na haraka. Hata mimi nilikuwa na haraka."

Aliinuka kweli. Nilimwona nyuma ya kioo akivuta mlango wa kabati, ukakataa, akauvuta tena.

Hawa alisafiri zikiwa zimebaki siku nne. Amerudi, yuko Mulago, anashika watoto wadogo kama viazi, na wanakua. Haboba aliniletea mfuniko wa ukindu, waridi na zambarau na kijani. Aliniambia nihesabu nukta nyekundu alizozifuma ukingoni. Nane. Nafunikia matunda, na mgeni akiuliza nampa habari hii yote, kwa hiyo wageni wamepungua.

Ile ya asili niliirudishia nukta mwenyewe. Nilitafuta wino mwekundu mjini kote nikaupata kwa Mhindi muuza kalamu aliyedhani nimekufa. Nilinawa mikono, nikaondoa birika lenu mezani, nikazitia moja moja kwa nibu ya saba huku nimeshikilia pumzi. Zilichukua dakika ishirini. Kuzikwangua kulichukua tano.

Wiki yangu ya mwisho mmoja wenu aliipitisha ramani kwenye skana, akaniita. Kompyuta ilikuwa imeziona nukta nane, na pembeni imeweka alama ya tisa, kovu la Kyoga, kwa sababu kompyuta haikosi kitu. "Mzee," akaniuliza, "hiki kijiji cha ziwani kinaitwaje? Nikiandikie jina gani?"

Nikamwambia asubiri. Nikavuta droo, nikatoa kitabu chekundu, nikatafuta mstari wa kwanza ulio wazi. Kitabu kilikuwa hakijaandikwa tangu mlipokuja. Nikaandika, kwa mwandiko wa shule ya jioni:

"Nimerudisha watu, nukta nane. Nzi, mmoja, hakurudishwa. Opio."